Jumamosi Nilizojinunulia

Kazini kwetu kulikuwa na ubishi wa saa ya chakula ambao haukuisha: mtu anayenunua vitu kwa simu anatafuta bei, au anatafuta urahisi? Mwenzangu wa meza ya pili alishikilia urahisi. Alisema mtu wa Nairobi yuko tayari kulipa zaidi ili asikanyagwe vidole sokoni. Mimi nilishikilia bei, tena kwa sauti ya juu. Nilisema hakuna mtu aliyelelewa Eastlands atakayetoa shilingi ya ziada kwa sababu ya uvivu, na siku moja wenzangu walinipigia makofi. Nikiyakumbuka makofi yale nasikia aibu mpaka leo. Nilikuwa nikidanganya, na niliyekuwa nikimdanganya hasa hakuwa pale mezani. Alikuwa mtaani Mbotela, amekaa kwenye stuli mlangoni, anachambua mchele.

Mama yangu ameishi Mbotela tangu kabla sijazaliwa, katika zile nyumba za baraza la jiji zilizopangwa safu kwa safu, mlango ukitazama mlango. Mimi nilihamia Komarock nilipoanza kupata mshahara wa maana, mahali penye vigae sakafuni na mlinzi getini. Lakini Jumamosi zangu zilibaki kuwa za mama. Saa moja asubuhi nilitakiwa niwe kwake, nimevaa viatu vya matope, tushike Barabara ya Jogoo kwa miguu mpaka soko la Muthurwa. Mama hakutaka kusikia habari ya kupanda gari. Alisema ukienda sokoni kwa gari unafika ukiwa na haraka, na mtu mwenye haraka huuziwa bei ya haraka. Alikuwa amepita miaka sabini na bado alinitangulia hatua kumi, nami nyuma nahema na kiondo begani.

Nyumbani mama ni mtu wa maneno machache. Kanisani hukaa viti vya nyuma. Lakini Muthurwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa akifika kwenye fungu la nyanya, anainama, anainua moja, anaitazama kama anayeidai maelezo, anairudisha. Hapo muuzaji ameshaanza kucheka kwa sababu anamjua.

"Mathe, leo usinianze. Hiyo bei ni yako peke yako, hata sista yangu sijampa."

"Sijasema kitu mimi. Nimeguza nyanya tu."

"Vile unaiguza nimeshajua."

Basi wangevutana pale dakika kumi, bei ingeshuka kidogo, pesa zingetoka kwenye kitambaa kilichofungwa fundo. Mimi ningeinua kiondo nikidhani tumemaliza. Kumbe kwa mama hapo ndipo kazi ilipoanza. Angesimama palepale, mkono mbele, kiganja juu. "Haya. Ongeza." Muuzaji angetupia nyanya mbili. "Ongeza vizuri." Muuzaji angelia kwamba mathe anataka kumfungisha biashara. "Utafunga aje, na mimi ndio nakufungulia kila wiki?" Nyanya ya tatu ingekuja. Kwa vitunguu ilikuwa hivyo hivyo. Kwa maharagwe, gorogoro, lile kopo la kupimia, ilibidi ijae mpaka ianze kumwagika, halafu baada ya kumwagiwa mfukoni aongezewe konzi moja ya mkono wa muuzaji mwenyewe.

Wanunuzi wote wa soko lile huomba nyongeza, mama hakuivumbua. Tofauti yake ilikuwa kwamba nyongeza hakuichanganya na vitu vingine. Alikuwa na kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe kutokana na gunia la unga, na kila alichoongezewa kilikwenda humo. Tulivyonunua vilikaa kwenye kiondo changu, nyongeza ilikaa kwapani kwake. Nilikuwa naona haya sana. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kazi ya ofisi, nimesimama nyuma ya mama anayeng'ang'ania vitunguu viwili. Wakati mwingine nilijifanya nasoma kitu kwenye simu ili watu wasidhani tuko pamoja. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Tukifika nyumbani, mama hakukaa. Hata kitambaa cha kichwa hakuvua. Alivuka ua na kile kifuko, akaingia mlango wa pili, kwa jirani yake. Wao waliitana kwa majina ya vifungua mimba wao, kama desturi ilivyo, lakini mimi hapa nitamwita jirani tu. Alikuwa mama wa Kiluhya, mjane kama mama, aliyefanya kazi kiwandani ujana wake wote, kisha upande mmoja wa mwili ukampooza, akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na mlango akisubiri binti yake arudi kutoka kazini jioni. Mama angekaa huko saa nzima, wakati mwingine mbili. Nilisikia vicheko kupitia dirisha. Mimi nilikuwa nimejitupa kwenye kochi na usingizi umenichukua. Mama akirudi kifuko kilikuwa na kitu kingine ndani, pengine konzi ya njugu kutoka kwao magharibi, kwa maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Sikuuliza lolote. Niliona ni mambo ya wazee.

Mwaka jana mvua za masika zilipoanza, njia ya kuingia Muthurwa ikawa uji. Jumamosi moja niliteleza nikakaa kwenye matope na kiondo juu yangu, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Wauzaji nao walicheka. Nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika kupita kiasi. Usiku wa Ijumaa iliyofuata nikapakua programu ya duka moja la mtandaoni, lile ambalo kila mtu ofisini alikuwa akilisifu, nikaagiza nyanya, vitunguu, mchele, maharagwe, unga, sabuni, vyote vipelekwe Mbotela. Asubuhi nikampigia mama.

"Mama, leo usitoke. Vitu vinakuja mlangoni."

"Vinakuja na nani?"

"Na mtu wa pikipiki. Nimenunua kwa simu. Ni bei nafuu kuliko Muthurwa."

"Nafuu pesa ngapi?"

Nikamtajia bei. Ilikuwa ya uongo. Nyanya za kwenye simu zilikuwa ghali kuliko za Muthurwa, vitunguu pia, na bado kulikuwa na pesa ya kuleta. Lakini nilimjua mama. Ningemwambia ni kwa ajili ya urahisi angeuliza, urahisi wa nani? Na mimi sikuwa na jibu la swali hilo ambalo ningeweza kulisema mbele ya mzazi wangu. Kwa bei hakuwa na la kubisha. Mtu aliyeishi maisha yake yote akipigania kupunguziwa hawezi kukataa kitu kilichopungua.

Adhuhuri alinipigia kusema vitu vimefika. Nyanya ziko kwenye sanduku la karatasi, alisema, zote kimo kimoja, kama watoto wa shule gwarideni. Kisha akauliza, "Umeongezewa ngapi?"

Nilicheka. "Mama, mashine haiongezi."

"Haiongezi hata kidogo?"

"Ukilipia kilo mbili unaletewa kilo mbili. Si ni vizuri? Hakuna kuibiwa."

"Ni vizuri," mama alisema.

Jumatatu niliipeleka hadithi hiyo ofisini. Niliigiza sauti ya mama, "Umeongezewa ngapi?" na meza nzima ikavunjika mbavu. Kwa wiki kadhaa mtu akiletewa kifurushi ofisini, mwingine angemuuliza ameongezewa ngapi. Nilimfanya mama yangu kuwa kichekesho cha watu wasiomjua, na nikafurahia.

Jumamosi zile nilifanya nini? Natamani ningeweza kuandika kwamba nilisoma, au nilianzisha biashara, au hata nililima. Nililala. Niliamka saa nne, nikanywa chai kitandani, nikaenda kusukwa nywele, nikarudi nikalala tena. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepewa likizo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu ilinifikisha miezi minne bila kukwaa. Kwa mama nilikuwa nakwenda Jumapili moja moja, baada ya ibada, nakula, natazama saa, naondoka. Kila mara aliniuliza bei za vitu vya wiki hiyo, nami nikamtajia bei za kubuni, na yeye akasema ni vizuri.

Kuna jambo niliona katika miezi hiyo na sikulitilia maanani. Jumapili moja tulikuwa tunatoka kwenda kanisani, nami nikakata kulia, njia ya siku zote, inayopita mbele ya mlango wa jirani. Mama akanivuta mkono tukazunguka nyuma ya safu, kwenye mtaro.

"Mbona tunazunguka?"

"Huku kuna kivuli."

Ilikuwa mwezi wa saba, jua lenyewe halijaonekana wiki mbili. Nilimwona, nikajua hakuna kivuli anachotafuta, na bado sikumwuliza zaidi kwa sababu nilitaka ibada iishe nirudi Komarock.

Jumamosi iliyonifumbua macho nilikwenda Mbotela kwa shida zangu mwenyewe, kutafuta cheti changu cha kuzaliwa ambacho mama alikuwa amekihifadhi kwenye sanduku. Nilikuwa pale mtu wa pikipiki alipoleta vitu. Mama alivipanga mezani kimoja kimoja. Akafika kwenye sabuni ya kufulia. Mche mkubwa ulikuwa umefungwa pamoja na mdogo kwa utepe wa gundi.

"Hii ndogo ni ya nini?"

"Ni ofa, mama. Ukinunua kubwa wanakupa ndogo bure."

"Hukuilipia?"

"Sikuilipia."

"Hata senti?"

"Mama, ni ya bure. Wameongeza tu."

Alinitazama, kisha akachukua kisu. Alikata ule utepe polepole asiharibu karatasi, akautenga mche mdogo. Akaingia chumbani akatoka na kile kifuko cha gunia la unga, ambacho sikuwa nimekiona tangu masika. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Akaweka sabuni ndani, akajifunga kitambaa kichwani, akajitazama kwenye kioo. Mama yangu, wa kukaa viti vya nyuma, alijitazama kwenye kioo mara mbili. Kisha akatoka, akavuka ua moja kwa moja.

Hakukaa dakika tano. Alirudi na kifuko mkononi na sabuni bado ndani, akakaa kwenye kiti bila kuvua kitambaa.

"Kuna kufuli," alisema. "Watu wa safu wanasema wamempeleka nyumbani kwao magharibi. Kijana wake mkubwa alikuja na gari Alhamisi. Alikuwa amezidiwa."

"Alhamisi, na wewe hukujua? Si ni hapo tu?"

Ndipo mama alipoanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike baba. Nilisimama pale na cheti changu cha kuzaliwa mkononi, na hadithi yote ikatoka vipande vipande.

Jirani yake alikuwa na kiburi chake, mama alisema. Mwaka ule alipopooza, watu wa kanisa walimletea unga na mafuta akawarudishia. Mama mwenyewe alimpelekea nyama aliyoinunua soko la Burma, na jirani akamwambia, "Usininunulie. Mimi si yatima wako. Ukininunulia tena nitafunga mlango." Mama akafikiri wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akampelekea nyanya tatu na kitunguu, akamwambia, "Hizi sikununua. Ni nyongeza, zitaniozea." Jirani akazitazama, akauliza, "Kweli hukulipia?" Mama akamwambia ukweli, hakulipia. Jirani akazipokea. Tangu hapo, miaka sita, kila Jumamosi, nyongeza ilivuka ua. Hakuna aliyempa mwenzake kitu kilichomwuma. Ndiyo maana hakuichanganya na vilivyonunuliwa. Ilibidi aweze kumtazama jirani usoni na kusema hakulipia, na isiwe uongo.

Na ndiyo maana aling'ang'ania vitunguu viwili huku mimi nikijificha kwenye simu.

"Sasa vitu vilipoanza kuja vimepimwa," mama alisema, "ningempelekea nini?"

"Ungempelekea hivyo hivyo, mama! Ungetoa tu nyanya tatu kwenye sanduku!"

"Na akiniuliza kama nimelipia?"

"Ungesema hukulipia. Mimi ndiye nililipa."

"Hiyo ni kununuliwa mara mbili." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Na vitu vyenyewe ni vyako. Mtu hagawi jasho la mtoto wake."

"Basi ungeenda tu. Ukae naye, mpige hadithi."

Mama akanitazama kama mtu anayejiuliza alinilea wapi. Mkono mtupu haulambwi, alisema. Jumamosi ya kwanza alikwenda mikono mitupu. Alipoingia, jirani hakumtazama usoni, alimtazama kwapani. Wakaongea kidogo, kila mmoja akitafuta maneno. Jumamosi ya pili alichelewa kwenda. Ya tatu alisema atakwenda kesho. Baada ya hapo aibu ikakua, na kadiri alivyokaa bila kwenda ndivyo alivyozidi kuhitaji sababu kubwa ya kwenda. Akaanza kupita nyuma, kwenye mtaro.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Nilijua jibu kabla hajalitoa.

"Ningekuambia nini? Ulisema ni nafuu." Akavuta pumzi. "Na haikuwa nafuu. Hakuna mtu anauza vitunguu bei hiyo wakati wa mvua. Nilijua siku ya kwanza. Nikasema, huyu mtoto amechoka. Wacha apumzike."

Nimewahi kuachishwa kazi, nimewahi kuachwa na mume. Hakuna siku nimejiona mdogo kama siku hiyo. Alikuwa amejua. Miezi minne aliniuliza bei, nikamdanganya, akasema ni vizuri, na kila mara alikuwa ananipa nafasi ya kusema ukweli.

Nilichoweza kufanya nilikifanya kwa haraka, kama watu wenye hatia wanavyofanya. Mama alikuwa na namba ya jirani kwenye kisimu chake cha kabambe, lakini hakikuwa na salio, kwa hiyo nikapiga kwa simu yangu, ileile ya kununulia. Binti yake aliipokea. Akamwekea mama yake sikioni, nami nikaweka sauti juu ili mama asikie vizuri. Kulikuwa na kuku wanalia nyuma.

"Ni wewe?" Sauti ilikuwa nzito, maneno yanaburuzwa. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, jirani. Nimesikia wamekuchukua."

"Wamenichukua. Nilikuwa nauliza huyu msichana kila siku, nilimkosea nini mama wa pale? Nilisema neno gani? Nikakosa jibu. Kama ni neno nilisema, unisamehe. Huu mdomo siku hizi haunisikii."

Mama alinitazama. Sitasahau jinsi alivyonitazama. Hakukuwa na hasira. Alikuwa anachagua. Ukweli ulikuwa pale mezani, umekaa katikati ya sanduku la nyanya na mche wa sabuni, na ukweli huo ulikuwa na jina langu.

"Ni miguu, jirani," mama alisema. "Miguu ilinikataa kabisa. Hata mlangoni nilikuwa sifiki."

"Woi! Miguu! Na hukutuma mtu aniambie? Pole sana. Mimi nikidhani umenichukia."

"Nitakuchukiaje? Ni miguu tu."

"Mungu asifiwe. Sasa nimepoa moyo."

Ningeweza kusema neno. Simu ilikuwa mkononi mwangu, karibu na mdomo wangu kuliko wa mama. Ningesema, shangazi, mama yangu hana ugonjwa wa miguu, ni mimi nilimfungia ndani kwa sababu nilitaka kulala. Angecheka, pengine, yule mama. Angenitukana kidogo kwa Kiluhya na kunisamehe. Niliwaza hayo yote na sikufungua mdomo. Wakaagana, wakaahidiana kuonana, simu ikakatika.

Wiki iliyofuata niliifuta ile programu, kana kwamba kosa lilikuwa la programu, nikaenda Mbotela saa moja asubuhi na viatu vya matope. Tulitembea mpaka Muthurwa. Mama alinitangulia hatua zake kumi. Wauzaji walimpokea kwa vifijo, mathe ulikuwa umepotelea wapi, tulidhani umetuhama. Alinunua nyanya bila kuvutana sana. Muuzaji mwenyewe, bila kuombwa, akashika nyanya nne kubwa akazinyoosha mbele.

"Hizi ni nyongeza, mathe. Za siku zote ulizokosa."

"Basi," mama alisema. "Hizi nilizonunua zinatosha." Akafunga kiondo, akaendelea mbele. Yule muuzaji alibaki na nyanya zake mkononi, ananitazama mimi nimweleze, nikainamisha kichwa nikamfuata mama.

Jirani alifariki mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zinaanza. Alizikwa kwao, na kwa kuwa wengi wa Mbotela hawakuweza kusafiri, binti yake alirudi na kukaribisha watu kwa maombi Jumapili moja alasiri, katika nyumba ileile. Viti vya plastiki vilipangwa mpaka uani. Nilikaa karibu na mama. Hatukuwa tumezungumza kuhusu ile simu tena, hata mara moja. Nilikuwa nimejiambia kwamba imepita, kwamba yule mama alikufa na moyo uliopoa, kwamba uongo mdogo wa kumtuliza mgonjwa si dhambi ya kuhesabiwa. Nilikuwa karibu kuyaamini.

Baada ya mchungaji kuomba, binti alisimama kushukuru watu. Alishukuru kanisa, akashukuru safu nzima, kisha akageuka upande wetu.

"Na huyu mama hapa," alisema, "huyu ndiye alikuwa dada yake. Baada ya ile simu, mama yangu kila jioni kabla alale alitaka tumwinue akae. Hakuomba habari ya ugonjwa wake tena. Alikuwa anaombea miguu ya huyu mama. Kila jioni. Hata ile siku ya mwisho, maneno yalikuwa yameisha, lakini hilo la miguu tulilisikia." Akamfuata mama kwenye kiti, akamshika mikono yote miwili. "Sasa miguu inaendeleaje, mama?"

Watu wote walikuwa wanatutazama. Mama alimtazama yule binti kwa muda mrefu.

"Imepata nafuu," alisema. "Mwambie Mungu asante. Imepata nafuu, ingawa haijapona kabisa."

Nilitaka kusimama niseme. Nilijua hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na kwamba sasa hata nikisema nitakuwa nimemfanya mama kuwa mwongo mbele ya waombolezaji, na maombi ya marehemu kuwa maombi ya bure. Nikabaki nimekaa.

Chai ilipokwisha, mama akaweka kikombe chini na kusema twende. Aliinuka taratibu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Kisha akaniegemea, akauvuta mguu wa kushoto, na akaanza kuchechemea katikati ya viti, hatua fupi fupi, watu wakimpisha na kumwambia pole. Mlango wake ulikuwa ng'ambo ya ua. Nilimshika kiwiko, nikamsaidia kuchechemea mpaka ndani.